Kukomboa Meno ya Kapela

1

Mzee Kapela alizikwa Jumatano, na Ijumaa asubuhi sauti yake ilikuwa bado inauza mbuzi.

Ilitoka upande wa pili wa reli, kwenye mnara wa mnada wa Ipuli, ikapita juu ya mabati ya watu na kuingia bila hodi kwenye ua wa matanga: "Beberu huyo! Mtazameni miguu! Nani anaanza, nani anaanza? Usinikodolee macho baba, fungua mfuko!"

Wafiwa walikuwa wamekwisha kuizoea. Mnara ule ulianza kunadi kwa sauti ya Kapela tangu yeye mwenyewe akiwa hai, mzima, na njaa zake. Sasa mwenye sauti kachimbiwa kaburi na sauti haina habari. Ilikuwa sauti ya Kapela wa zamani, Kapela wa kifua kipana, na tangu ipandishwe mnarani haijawahi kukohoa, haijawahi kunywa maji, haijawahi kusema ngoja kidogo nikajisaidie.

Mwamvua Pazi alisimama kwenye lango la ua akaisikiliza mpaka beberu akapata mteja. Ndipo na yeye akafungua mdomo.

"Nyie Wanyamwezi!" akapaza. "Hata kuzika mmeshindwa? Nusu mmeitia shimoni, nusu mmeiacha sokoni inapiga kelele!"

Ua mzima ukageuka. Watu waliokuwa wameinamisha vichwa tangu alfajiri wakapata sababu ya kuviinua.

"Mzaramo kafika! Ficheni masufuria!"

"Leo kwenu hakuna ngoma, mpaka ukatukumbuka?"

"Ipo," akajibu Mwamvua, "ila wapigaji wamesema hawaanzi mpaka wahakikishe Kapela kafa kweli. Walimwogopa. Alikuwa akicheza, vumbi lake linawafikia Kisarawe."

Wakacheka, na mmoja akacheka huku akifuta machozi, akawa hajui ashike lipi. Hiyo ndiyo kazi ya mtani. Mtani haji msibani kulia. Anakuja kuvaa kofia ya marehemu, kuiga mwendo wake, kumsema mabaya na kumpora kitu chake kimoja. Kitu hicho anakishika mateka mpaka wafiwa wakikomboe kwa chochote atakachotaja, na hakuna mwenye ruhusa ya kununa. Watu wameingiza treni isiyo na dereva, wameng'oa maji hewani kwa mashine, lakini utani wa Mnyamwezi na Mzaramo bado hakuna aliyepata kifaa cha kuchukua nafasi yake.

Na huyu alikuwa mtani wake hasa. Mwamvua alikuwa fundi meno. Kibanda chake kilikuwa karibu na stesheni, kimeandikwa juu CHEKA TENA. Kapela alipoanza kupukutika meno alimwendea yeye, akakaa kwenye kiti na kusema: "Nitengenezee, Mzaramo, ila usije ukanitia meno ya punda." Mwamvua akamjibu kwamba punda alishaombwa, akasema kwa mdomo ule hataki undugu nao. Tangu hapo wakawa wanatukanana kila wiki, na asiyetukanwa wiki hiyo anakwenda kuuliza kulikoni.

Chini ya turubai alikaa Kasanda, mdogo wa marehemu, msimamizi wa msiba, mtu wa shati lililofungwa mpaka kifungo cha shingoni. Alimwonyesha Mwamvua kofia iliyokunjwa vizuri juu ya kigoda, na pembeni yake jogoo amefungwa miguu.

"Karibu, Bi Mwamvua. Kofia hiyo hapo. Na cha kukombolea tumekuandalia kabisa."

Mwamvua akamtazama jogoo. Jogoo akamtazama Mwamvua.

"Mateka gani huyu anayekabidhiwa na mwenye mali?" akasema. "Kasanda, wewe hata mwizi akija utamwandikia miadi." Akaitwaa kofia, akaivaa, akapita zake kuelekea ndani.

Njiani aliona kitu ambacho hakukifanyia mzaha. Karibu na tangi la maji, nje ya kivuli cha turubai, kijana mmoja mwenye mvi za mapema amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, begi la safari katikati ya miguu. Hakuna aliyempa kiti. Hakuna aliyemtazama hata kwa bahati mbaya, na katika ua uliojaa hivyo, kutotazamwa kabisa kunahitaji juhudi. Alikuwa Luhende, mtoto wa marehemu.

2

Ndani, Bi Nyamizi alikaa kwenye mkeka kati ya wanawake wenzake. Mwamvua akapiga magoti na kumshika mikono yote miwili. Hapo hakutania.

"Pole, wifi."

"Nimepoa, mtani. Umevaa kofia yake."

"Inaninuka. Hakuwahi kuifua huyu?"

Bi Nyamizi akatabasamu kwa yale meno ambayo Mwamvua alimfungia mwenyewe. Vinywa vya mume na mke alivijenga yeye vyote viwili. Kisha macho ya fundi yakapanda dirishani. Kando ya redio, ndani ya bilauri ya maji, yalikaa meno ya Kapela. Walioosha maiti waliyatoa, wakayaweka pale, na baada ya hapo hakuna aliyejua meno ya marehemu yanawekwa wapi. Fimbo ina pembe yake, viatu vina uvungu wa kitanda. Meno je?

Mwamvua akaichukua bilauri.

"Haya," akasema, "mateka nimempata."

Wanawake wakapiga makofi. Mmoja akasema Mzaramo kakosa haya kabisa, na alikuwa akimsifu.

Alipokuwa akiyasuuza kwa dawa kwenye karo, Mwamvua alijiambia jambo moja lililo wazi. Mafundi wa meno wana kiapo kimoja: bamba la meno la mtu halivaliwi na mwingine, na mwenyewe akifa linachemshwa kwenye maji ya chumvi mpaka lisahau. Fundi hana ruhusa. Mtani ana ruhusa ya kila kitu. Leo atakuwa mtani kwanza, dakika chache tu watu wacheke, halafu atakuwa fundi na kulichemsha. Alijiambia hivyo kwa utulivu, na kila neno lilimwingia. Kilichokuwa kinamsukuma hasa hakujitajia: katika miaka yote ya kutengeneza yale mabamba, alitamani kujua linakuwaje likiwa kinywani mwa mtu asiye mwenyewe.

Kuvaa hakukuwa taabu. Mwamvua mwenyewe hakuwa na jino la kuzaliwa. Mlango wa lori la korosho ulimng'oa ya mbele akiwa msichana, mengine yakafuata kwa mshikamano, na mume wa kwanza akamwacha kwa sababu, alisema, mke wake akitamka S anaita mbwa wa jirani. Alilia, akachoka kulia, akaenda kujifunza kutengeneza meno. Tangu siku hizo mizizi ya madini inayopigiliwa tayani ina saizi moja nchi nzima, mtu asije akakwama safarini. Akatoa bamba lake na kulitia mfukoni. La Kapela likakaa juu ya mizizi yake, vishikizo vikalia ta, ta, ta, ta. Ule utando laini wa chini, uliowekwa kwa kuwa ufizi wa mzee hauishi kuyeyuka, ukapata joto na kuanza kujipapasa, ukitafuta mahali pa kukaa katika kinywa kigeni.

Akatoka nje, kofia imelalia sikio, bega moja juu. Akatafuna hewa kidogo. Akacheka.

Alikuwa ameazimia kucheka kicheko chake mwenyewe, akinenepeshe tu. Kilichotoka kilianzia kwenye kaakaa la bamba, pale ilipo ngozi nyembamba kama ya ngoma ya dogori ya mtoto, ile inayotetemeka ili kujazia sauti ambazo kinywa cha mzee kinaziacha. Kikapanda, kikazunguka, kikashuka na kikohozi mkiani. Kilikuwa kicheko cha Kapela. Si yule wa mnarani. Ni Kapela wa mwezi uliopita, mwenye kifua kibovu.

Kikombe kikaanguka mahali. Halafu ua ukalipuka.

"Leo nanadi mali ya marehemu!" akaunguruma, na S na F zikamtoka zimenyooka kama alivyozipenda yule mzee. "Fimbo hii! Imerushiwa mbwa wote wa Ipuli na haijampata hata mmoja! Nani anaanza?"

"Mia!"

"Mia? Kwa mia nakuuzia kuitazama!"

Akageukia familia. Ilikuwa raha, na ilikuwa ajabu. Bamba lilikuwa likimshika mkono. Lilivyoundwa, linajifunza: neno ambalo mwenyewe analitumia sana linatengenezewa njia, neno asilolitumia njia yake inaota majani, na likikaa mwaka bila kutajwa linasahaulika kabisa. Likikaa na mtu muda mrefu, silabi ya kwanza tu inalitosha kujua unaelekea wapi. Yote hayo Mwamvua aliyajua kwa mikono. Kwa ulimi alikuwa ndiyo kwanza anayaonja.

"Nyamizi!" akaita, na jina likateleza laini, limevutwa katikati kwa mtindo ambao yeye hakuupanga. Mlangoni, mjane akaweka kiganja mdomoni.

"Kasanda!" Hapa bamba likasita. "Ka... sa... nda." Likatoka kama la mtu anayesoma kibao cha barabarani.

Watu wakavunjika mbavu. "Hajawahi kukuita jina huyo! Alikuwa anakuita 'wewe'!" Na Kasanda, pamoja na kifungo chake cha shingoni, akacheka mpaka akalazimika kukifungua.

"Na sasa," akasema Mwamvua, amekolea, "gunia la karanga za Kapela! Si gunia la kawaida, jamani, hili ni lu—"

Lumbesa. Alitaka kusema lumbesa, lile gunia la kujazwa mpaka linaota nundu. Ulimi wake ulikuwa tayari umeshaelekea huko. Bamba likauchukua, polepole, kama mtu anayemgeuza mwenzake begani.

"—hende," akasema.

Luhende.

Halikutoka kwa sauti ya mnada. Lilitoka chini, karibu na pumzi, laini kuliko lile la mke. Jina ambalo ua ule haukulisikia kutoka kwa mwenyewe kwa miaka tisa likasimama katikati ya watu, na hakuna aliyejua amkaribishe nani.

Ng'ambo ya reli, mnara ukaendelea: "Nani anaongeza, nani anaongeza?"

Yule wa kwenye ndoo alikuwa amesimama.

3

Walikwenda nyuma ya nyumba, kwenye jiko la kuni, wanne tu: Bi Nyamizi, Kasanda, Luhende na Mwamvua. Kasanda alikuwa wa kwanza kupata kauli.

"Toa hayo meno. Toa sasa hivi. Utani una mpaka."

Mwamvua akayatoa, akayarudisha kwenye bilauri na kuvaa yake.

"Umelisema kusudi?" akauliza Luhende.

"Nilitaka lumbesa, baba. Kwa roho yangu. Limenivuta."

"Bamba lako limekosea, basi."

"Bamba halibuni," akasema Mwamvua. "Lingekuwa linabuni ningekuwa tajiri. Linashika kilichopitapita. Jina asilolitaja mtu kwa mwaka linafutika. La Kasanda umelisikia, wa kwenye nyumba moja, limechechemea. Lako limeteleza." Akamgeukia mjane. "Wifi, alikuwa akilisema wapi?"

Bi Nyamizi alikuwa akitazama moto. "Asubuhi," akasema mwishowe. "Akishachukua chai yake anakwenda kukaa kwenye ua wa miiba, anaelekea reli. Naona midomo inakwenda. Nikidhani anautukana mnara. Nikasema mwache autukane, unastahili."

Ulistahili kweli. Luhende ndiye aliyeuweka. Alisomea mambo ya sauti, akakusanya minada ya baba yake miaka mingi kwa kinasa sauti kilichofichwa kwenye kofia ileile, akailisha mashine na kuiuza kwa wenye soko. Alikusudia zawadi. Siku ya uzinduzi alimweka baba yake kiti cha mbele, kitambaa kikavutwa, mnara ukafungua mdomo. Kapela akajisikia akinadi ng'ombe bila yeye mwenyewe kupumua. Aliiweka fimbo chini, akaenda nyumbani kwa miguu, na jioni ile akasema: aliyechukua mdomo wangu bila kuniomba, jina lake halitapita kwenye mdomo huu. Na halikupita, mbele ya watu.

"Shangazi," akasema Luhende. Hakuwa mtoto, lakini alisema kama mtoto. "Nimetoka Mwanza nikiambiwa anaumwa. Nimefika Nzega nikaambiwa amezikwa. Sikupata radhi yake. Yavae tena. Niambie 'nimekupa radhi'. Maneno mawili tu. Kwa sauti yake."

Kasanda akatoa sauti ya kuguna. Mwamvua akaitazama bilauri.

Lingekuwa jambo jepesi. Kijana angelia, angepona, angerudi Mwanza akiwa mtu. Nani angedhurika? Ambaye angedhurika alikuwa chini ya udongo.

"Nikiyasema mimi," akauliza, "atakayekuwa amekupa radhi ni nani?"

"Baba."

"Ni Mwamvua binti Pazi wa Kisarawe. Radhi yangu wewe unayo tangu ulipokuwa unaniibia maembe mabichi. Haikusaidii kitu. Na mimi leo ni mtani, Luhende. Mtani akisema, neno lake halihesabiki. Utakwenda nayo hiyo mpaka wapi?"

Uso wa Luhende ukabadilika, na Mwamvua akamwona mtaalamu ndani ya mfiwa akiamka. Alijua kinachokuja, maana yeye kilimjia tangu wakiwa uani na alikuwa akikikanyaga kisitoke.

"Basi usiseme wewe," Luhende akasema taratibu. "Litaje jina, halafu ulegeze ulimi. Ulegeze kabisa. Neno lililokuwa likifuata jina langu kila asubuhi, bamba litalifuata lenyewe. Sivyo?"

"Nadhani."

"Nani amewahi kujaribu?"

"Hakuna." Vidole vyake vilikuwa vikiwasha. Maisha yake yote alikuwa akitengeneza milango na hapo palikuwa na mmoja uliokuwa wazi nusu. Angeweza kusikia kitu ambacho hakuna fundi aliyepata kukisikia.

"Linaweza kuwa tusi," akasema Kasanda.

"Nataka kulisikia hata likiwa tusi."

"Kaka yangu alifunga mdomo. Alifunga kwa kusudi, mpaka siku ya kufa alikuwa ameufunga. Leo mtu amekufa ndiyo tumfungue?"

Hapo Mwamvua akatamani Kasanda awe mjinga, lakini hakuwa mjinga. Ng'ambo ya reli beberu mwingine aliingia mnadani. "Usinikodolee macho baba, fungua mfuko!" Wote wanne wakasikiliza bila kutaka.

"Luhende," akasema Mwamvua, "siku ile ya kinasa kwenye kofia, ulimwomba?"

"Sikumwomba."

"Na leo, unamwomba nani?"

Luhende akakaa kwenye gogo la kuni, viganja juu ya magoti.

4

Mwamvua akaishika kofia kichwani. Akaiweka sawasawa, ikalalia sikio.

"Haya. Mimi nina mateka na sijalipwa. Kasanda, jogoo wako mfungue, kachoka. Meno haya yanakombolewa kwa ile." Akanyoosha kidole kuelekea reli. "Ile sauti. Ishushwe mnarani, isipande tena. Hiyo ndiyo bei yangu."

"Bi Mwamvua, hiyo ni mali ya soko," akasema Kasanda.

"Mimi nimetaja. Hamruhusiwi kununa."

Luhende alikuwa akimtazama. "Ufunguo ninao mimi. Nikiifuta, kazi sina. Huenda na kesi nikawa nayo."

"Huenda."

"Na nikishaifuta nitasikia?"

"Hapana," akasema Mwamvua, na neno lile lilimuuma na yeye vilevile. "Ukishaifuta, meno nampa mama yako, kama yalivyo. Mimi sitayavaa, wewe hutaniomba. Akitaka kuyachemsha atayachemsha. Sikuahidi kitu, baba. Nikikuahidi tutakuwa tumefanya biashara, na biashara ya sauti yake ulishaifanya mara moja."

Kuni zikajisogeza motoni. Kutoka uani zilikuja sauti za wanawake wakipanga sahani. Luhende akatoa kibao chake kidogo cha kuendeshea mnara kwenye mfuko wa shati, akakiweka kwenye goti na kukitazama kama mtu anayetazama kitanda alicholazwa mgonjwa wake. Aliisikiliza ile sauti kwa mara ya mwisho. Ilikuwa imechangamka, ilikuwa na mbuzi mzuri.

"Jike huyu! Ana mimba huyu! Unanunua wawili kwa bei ya—"

Akabonyeza kidole gumba.

Haikufifia. Ilikatika tu. Ipuli nzima ikawa kama chumba ambacho saa ya ukutani imesimama. Mbuzi wenyewe wakasikika, wengi, wakilalamika. Uani watu waliacha kupanga sahani. Kisha, baada ya muda, ng'ambo kule mtu fulani akaanza kunadi kwa mdomo wake, kwa sauti mbovu, akakosea bei na kuchekwa.

Bi Nyamizi alikuwa akilia bila kelele. Mwamvua akaiweka bilauri mikononi mwake.

"Yamekombolewa, wifi. Maji ya chumvi yanachemka hapo kwenye sufuria ndogo, nimeyabandika mwenyewe. Ukiyatumbukiza yanasahau, na hakuna atakayekulaumu. Usipoyatumbukiza..." Akashusha sauti. "Mizizi yenu ni saizi moja. Utando ukipata joto, litaje jina, ulegeze ulimi. Ila sijui utakachokikuta. Kasanda kasema kweli, kinaweza kuwa kibaya."

"Nimelala naye kitanda kimoja mpaka tumezeeka," akasema Bi Nyamizi. "Matusi yake yote nayajua. Hana jipya la kunishtua." Akaitazama bilauri, akamtazama shemeji yake. "Mdomo huu alinifungia na mimi, Kasanda. Miaka tisa sikumtaja mwanangu ndani ya nyumba yangu. Mimi nani aliniomba?"

Kasanda akainamisha kichwa. Mjane akaingia chumbani na kurudisha mlango.

Mwamvua alikuwa amemfuata mpaka ukumbini. Akaona ufagio umeegemea ukuta, mbali kidogo na mlango ule, akaona kwamba ufagio haujakaa vizuri, akauhamishia karibu na mlango. Hapo akagundua kwamba sakafu pia ina vumbi. Akafagia kipande kilekile mara kadhaa, sikio likiwa limerefuka. Kitasa kilikuwa na tundu. Akalitazama lile tundu, nalo likamtazama. Kisha akasema "Aibu, mtu mzima," akautupa ufagio na kwenda nje kwa hatua za kujikokota kama anayekokotwa na polisi.

Chakula kilikuwa kimeshapakuliwa. Ugali, kisamvu cha karanga, na nyama ya msiba ile inayoiva kwa haraka na kutafunika kwa subira. Watu walikaa kwenye mabenchi na mikeka, wakinong'onezana kuhusu mnara. Luhende alikuwa amerudi kwenye ndoo yake. Birika la kunawia lilipita mbele yake bila kusimama, mtu wa birika akitazama juu, kama kwamba kuna ndege.

Mlango ukafunguka.

Bi Nyamizi alitoka na sahani iliyojaa, ameishika kwa mkono mmoja. Mashavu yake yalikuwa yamebadilika umbo kidogo, yamejaa mahali ambapo hayakuwa yamejaa, na Mwamvua akajua pale pale. Alikuwa ameyavaa. Hakuyatoa. Akapita katikati ya mikeka, akampita Kasanda, akampita mtu wa birika na kumnyang'anya birika bila kusimama, mpaka akafika kwenye tangi la maji. Akasimama mbele ya mwanawe.

Akafungua mdomo kulitaja jina, na Mwamvua akaona shingo ya yule mama ikilegea, na kidevu, akauachia ulimi uende.

"Luhende," ikasema sauti ya Kapela. Ile ya chini, ya nyumbani, ya asubuhi na chai, ambayo mnara haukuwahi kuwa nayo. "Umekula?"

Iliinuka kidogo mwishoni, kama dalali anayeomba bei moja zaidi kabla ya kugonga. Halafu basi. Bamba halikuwa na lingine la kuongeza. Kila asubuhi mwanamume yule alikaa kwenye ua wa miiba akiielekea sauti yake iliyoibwa, na ndicho alichokuwa akiuliza.

Mwamvua alikuwa na maswali mengi ya kifundi, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe hakuuliza hata moja. Alivua kofia.

Luhende aliipokea sahani. Midomo yake ilihangaika kabla ya kupata njia.

"Bado, baba."

Kwenye benchi, Kasanda akajisogeza, akamsogeza na aliyekaa naye, akaupigapiga ubao kwa kiganja mahali palipobaki wazi.

"Njoo ukae huku, wewe," akasema. "Ndoo hiyo ni ya maji."